Wete kwa siku nne: tazama mwezi kwanza

Likizo zikikaribia, wenzangu wa Dar huniuliza swali moja: "Wete kuna nini?" Huwajibu hakuna kitu, nao hucheka wakidhani natania. Wete ni mji wa kaskazini ya kisiwa cha Pemba, na mjini hakuna ufukwe wa kuogelea, hakuna muziki wa usiku, wala mtu atakayekufuata barabarani kukuuzia kinyago. Kuna barabara moja kubwa inayoteremka kilima mpaka bandarini, soko, misikiti, yale majumba ya maendeleo yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, na watu wanaolala mapema. Mama yangu kazaliwa hapo. Mimi nimekulia Unguja, kwa hiyo Wete nimekwenda mara nyingi kama mgeni na mara chache kama mwenyeji, na makosa ya mgeni nimeyafanya yote. Haya ni kwa anayetaka kwenda siku nne, akakaa.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi

Watu huanza na tiketi. Wewe anza na kalenda ya Kiislamu, ile ya kutundika ukutani yenye tarehe mbili mbili. Ukitaka kutoka Wete kwa chombo, kuvuka hori, kuona magofu au kuogelea, bahari ndiyo itakayokupangia saa, na bahari yetu huenda kwa mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe mosi na mbili za mwezi wa Kiislamu (sisi husema mwezi mosi, mwezi mbili), kisha kumi na nne mpaka kumi na sita, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya kujaa na kupwa hupatikana kimo cha mita nne hivi. Siku hizo hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Ukifika mwezi nane au tisa, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi, tena kwa upole, maana sasa ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Mambo hurudi hivyo hivyo mwezi ishirini na mbili, ishirini na tatu.

Mimi huchagua kufika mwezi saba. Siku ya pili napumzika, ya tatu navuka hori kwenda Mtambwe, kwenye magofu. Anayetaka kuona akina mama wakishuka pwani kutafuta pweza na chaza, yeye aje bamvua, asubuhi, maji yakishakimbia mbali.

Kisha msimu. Masika, Machi hadi Mei, Pemba hunyewa kwelikweli, kuliko hata Unguja. Usiende labda unapenda kukaa ndani ukisikiliza bati. Kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba, hewa ni baridi ya kupendeza lakini mkondo una mawimbi. Kaskazi, Desemba mpaka Februari, kuna joto na bahari mara nyingi hulala. Matunda nayo yana wakati wake: mashokishoki na doriani hutoka kipindi hicho cha joto. Doriani, ukiwa hujawahi kukutana nalo, utalisikia kabla hujaliona, na gesti nyingine hawakuruhusu kuingia nalo chumbani. Wana haki.

Ramadhani ni jambo la kuamua kwa makini. Mchana hupati mgahawa uliofunguliwa, na kula hadharani ni kuwavunjia watu heshima, uwe Muislamu au usiwe. Lakini ukiwa tayari kufunga nao, au angalau kujizuia nao, futari ya Wete utaikumbuka: muhogo wa nazi, ndizi mbivu, maandazi, tambi, uji wa pilipili manga, na mlango ambao hujawahi kuugonga unaitwa kuingia.

Hatua ya pili: kuvuka

Kutoka Unguja kuna ndege ndogo, kiasi cha nusu saa, unatua Wawi karibu na Chake Chake. Wengi wetu tunakwenda kwa boti kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, tunateremkia Mkoani, kusini kabisa ya kisiwa. Boti za kasi huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Meli za mizigo na abiria huchukua usiku mzima na zina wapenzi wake. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia ofisi ya chombo chenyewe siku moja kabla, usimtegemee kijana aliyesimama nje ya geti. Beba kitambulisho chenye jina lile lile lililoandikwa kwenye tiketi. Msomaji wa Kenya au Uganda aulizie pia masharti ya pasi na bima, kwa kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya safari ya hapo hapo.

Kula kidogo kabla ya kupanda. Mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa inatosha. Kaa chini, katikati, upande wa nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana. Ukishapita ncha ya Unguja unaingia mkondo wa Nungwi, na hapo utaona Wapemba walioacha mazungumzo wakinyamaza na kusoma dua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama pande hizo ikielekea Pemba, na nyumba nyingi za kisiwa hiki zilipoteza mtu. Kwa hiyo sikuandikii jambo la ziada ninapokwambia: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, ahirisha. Chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi, shuka, hata kama nauli imeshalipwa.

Hatua ya tatu: Mkoani mpaka Wete

Boti ikifunga gati, Mkoani huchangamka kwa nusu saa, kisha hulala tena. Nusu saa hiyo ndiyo yako. Gari zinasubiri juu ya bandari. Kama ipo inayokwenda Wete moja kwa moja, panda. Kama haipo, panda ya Chake na ubadilishe pale stendi. Kwa miaka mingi gari za Chake na Mkoani zimevaa namba 603 na za Chake na Wete 606, lakini usikariri namba, uliza. Nauli muulize abiria aliyekaa karibu nawe, kwa sauti ya kawaida, kabla kondakta hajafika. Begi kubwa hupanda juu. Chochote cha kuvunjika kipakate.

Waliozoea Unguja ya upande wa mashariki, tambarare na mawe, hushangaa hapa. Pemba ni vilima na mabonde, mpunga chini, mikarafuu na minazi juu, na hori zinazoingia nchi kavu mpaka unaona mashua zikiwa zimelala katikati ya mikoko ambako hukutegemea bahari. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, Al-Jazira Al-Khadhra. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 humu, na bado ukipita saa nane mchana utadhani wote wamekwenda mahali.

Msimu wa karafuu, baada ya masika na kuelekea mwisho wa mwaka, fungua dirisha. Karafuu huanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara na harufu yake huingia hata kwenye nguo zilizo ndani ya begi. Gari ikisimama ukashuka kunyoosha miguu, usikanyage jamvi la mtu, wala usiliruke. Lizunguke. Hilo ndilo ada ya skuli ya mwanawe.

Hatua ya nne: pa kulala, na nguo

Gesti za Wete ni chache na ndogo. Piga simu kabla, na uulize mambo matatu tu: maji yanatoka, feni inafanya kazi, chandarua kipo? Kiyoyozi ukikikuta, shukuru. Wanandoa waende na cheti, kuna mahali wataulizwa. Fedha taslimu ziwe za kukutosha siku zote nne. Benki na mawakala wa pesa za simu wapo, ila mtandao ukilala siku ya Ijumaa hutapenda kuwa na njaa.

Nguo: magoti na mabega yafunikwe, mwanamume na mwanamke. Dada anayesafiri abebe kanga doti moja na mtandio. Kanga utaifanya shuka, taulo, pazia la dirisha na mto wa garini, na ukialikwa nyumba yenye msiba au maulidi hutakuwa na wasiwasi. Pombe usiitafute mjini.

Hatua ya tano: salamu, hapa usiwe na haraka

Nimewaona watu wenye akili zao na kamera nzuri wakikaa Wete siku tatu bila kuzungumza na mtu, halafu wakarudi kusema Wapemba ni wagumu. Mpemba si mgumu. Anasubiri umsalimie, kwa kuwa wewe ndiye uliyemkuta.

Ukipita penye baraza iliyokaliwa na watu, anza wewe: "Asalaam aleikum." Asiye Muislamu aseme "Habari za asubuhi" na itapokelewa vizuri. Mzee, mwanamume au mwanamke, ni "Shikamoo" kabla ya neno lingine lolote. Usiunganishe salamu na swali. Ukisema "Shikamoo bandarini wapi?" kwa pumzi moja, utaonyeshwa bandari kwa kidole na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Salimu, ngoja uulizwe za huko utokako, jibu, uliza za hapa, kisha ndiyo uulize njia. Aghalabu utapewa na mtoto wa kukupeleka.

Kwenye nyumba piga hodi ukiwa umesimama pembeni ya mlango, si mbele yake. Hodi ya tatu isipojibiwa, ondoka. Ukikaribishwa, viatu nje.

Lugha haitakushinda, ila masikio yatashtuka kidogo. Kipemba cha mashamba kina tabia ya kusema ntu kwa mtu na nkono kwa mkono, na wazee wakizungumza wao kwa wao hukimbia. Usiwaige kwa kuchekesha. Na ile mizaha ya Bara kuhusu Pemba na uchawi, iache kwenye boti. Niliwahi kuongozana na rafiki yangu aliyeitoa barazani akitarajia kicheko. Mzee mmoja alimtazama, akamwuliza kwa upole, "Kwenu hakuna wagonjwa, mwanangu?" Baada ya hapo kila mtu akainamia kete zake za bao, na sisi tukabaki kuhesabu mbuzi waliokuwa wakipita.

Siasa isikilize, usichangie. Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, bado ina watu wake hapa, na mgeni hana analojua la kuwaambia.

Hatua ya sita: saa za mji

Wete ina saa zake, na ukizijua hutalala na njaa. Asubuhi mapema ndipo sokoni kuna samaki na ndipo mabanda ya chai yana maandazi ya moto, mkate wa kumimina, maharage na supu. Kufika saa tatu vizuri vimekwisha. Adhuhuri maduka hufungwa, na Ijumaa hufungwa mapema zaidi na kwa uzito zaidi. Mchana huo ni wa kulala. Na wewe lala. Mji hufunguka tena baada ya alasiri, ukafika kilele chake kati ya magharibi na isha, penye taa, mishikaki, chipsi, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na watoto waliovaa kanzu wakitoka chuoni, yaani madrasa. Saa tatu na nusu usiku hubaki paka.

Chakula cha mchana kizuri mara nyingi hakina bango. Muulize mwenye gesti nani anapika, umwambie tangu asubuhi, ulipe kidogo. Ndivyo nilivyopata pweza wa nazi aliyepikwa na jirani wa gesti: kachemshwa kwanza mpaka kalainika, tui zito likaingia mwisho na ndimu, akaja na ugali wa muhogo ambao sikuwa nimeuomba. Ningeusubiri mgahawa ningekula wali na maharage tena.

Sasa kahawa. Baada ya alasiri tafuta baraza yenye muuza kahawa. Utalijua dele lake la shaba, limekaa juu ya jiko dogo la makaa lililofungwa chini yake, na mkononi vikombe vidogo visivyo na kishikio anavyovigonganisha ili asikiwe. Anasuuza kikombe kwenye kindoo, anakikung'uta mara moja, anamimina nusu kikombe tu, nyeusi, chungu, ya moto wa kuunguza ncha ya ulimi. Kashata unaing'ata kabla, kahawa inafuata. Hapo ndipo habari zote za mji zinapopita: nani kazikwa, boti imechelewa kwa nini, karafuu bei gani, timu gani ya Uingereza imefungwa. Ukitoa pesa utaambiwa "keshalipa yule pale", na yule pale hata hakutazami. Kesho yake wahi wewe kulipa, kimya kimya vivyo hivyo.

Hatua ya saba: Mtambwe Mkuu

Ukisimama bandarini Wete ukatazama ng'ambo ya hori, upande wa kusini, unaona kijisiwa cha mikoko na minazi ambacho hakina chochote cha kukuvuta jicho. Hicho ndicho Mtambwe Mkuu, na miaka elfu moja iliyopita mji ulikuwa huko, si huku. Mwaka 1984 palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo kama ukucha wa kidole, zenye majina ya watawala wa mwambao, na chache za dhahabu za Wafatimi. Watu hapa walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe karne ya 11 hivi. Yanayoonekana leo ni mawe ya misingi, makaburi na vigae chini ya majani. Anayetaka kuta ndefu za kupigia picha aende Pujini, kule kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani, mashariki ya Chake. Mimi napenda Mtambwe kwa safari yenyewe.

Mpango ni huu. Jioni ya siku iliyotangulia shuka bandarini, uwakute mabaharia wakiwa wamepumzika. Salimu. Waambie unataka kwenda Mtambwe kutazama na kurudi. Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja na ya kukusubiri, na patana saa kwa maji, si kwa saa ya ukutani: "Tuondoke maji yakijaa, tuwe tumerudi kabla hayajatoka." Ulizia na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa upande ule, au mtu wa hapo wa kukuongoza. Magofu yako karibu na watu na makaburi ni ya watu. Vaa viatu vya plastiki vya kufungwa. Beba maji ya kunywa, kofia, na simu kwenye mfuko usiopitisha maji.

Nilichokifanya mimi mara ya kwanza ni kinyume cha yote hayo. Ilikuwa mwezi kumi na tano. Nilikuwa na safari nyingine mchana, nikamshikilia nahodha tuondoke saa mbili asubuhi. Akasema maji yanatoka. Nikasema tutawahi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kugusa jiko, akasukuma mtumbwi. Tulifika, nikazunguka, nikapiga picha zangu, nikarudi pwani saa tatu na nusu, nikaukuta mtumbwi umekaa juu ya tope umeinama ubavu, na bahari imekuwa mstari mwembamba mbali huko. Nilijaribu kutembea kuelekea majini. Tope la mikoko linakuingiza mpaka gotini na halikurudishii kiatu. Nahodha alikuwa ameshalala chini ya mkandaa, kofia usoni. Nilipomwuliza tutafanyaje, alisema bila kuinua kofia, "Jana usiku mwezi hukuuona, mwanangu?" Tulielea tena saa saba na robo. Nilikuwa nimekaa hapo muda wa kutosha kuwajua kaa kwa sura: wale wadogo wenye gando moja kubwa jekundu, wanaolipunga kila mmoja mlangoni kwake, na kila kivuli cha ndege kikipita wote wanazama kwa pamoja kama waliopigiwa filimbi.

Kwa hiyo mwezi nane, tisa au kumi. Unaondoka kwenye saa tatu asubuhi maji yakipanda, unarudi kabla ya saa saba.

Hatua ya nane: kaskazini, siku moja tu

Siku ya nne panda gari ya Konde, kutoka hapo bodaboda mpaka Msitu wa Ngezi. Jiandikishe langoni, lipa, ingia na muongozaji. Mwombe akuonyeshe mpapindi, mnazi-pori wa Pemba, na akutegee sikio kwa ninga, njiwa wa kijani wa hapa. Ng'ambo ya msitu kuna Vumawimbi, mchanga mweupe mrefu ambao siku za kazi unaweza kuwa nao peke yako. Hakuna duka, beba chakula, na urudi na taka zako. Kubaliana na bodaboda akufuate saa fulani, na usimlipe nauli yote mpaka arudi. Anayeamka mapema apitie Tumbe asubuhi, wakati wa mnada wa samaki.

Popo wa Kidike wako kwenye njia ya Wete na Chake, kwa hiyo waweke siku ya kufika au ya kuondoka. Ni popo wakubwa wala matunda wanaopatikana Pemba tu, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu. Zamani waliliwa mpaka wakakaribia kwisha. Sasa wanakijiji wanawalinda na kupata kiingilio kidogo. Nenda alasiri, nyamaza, usiwapigie makofi waruke. Kuna wanaofanya hivyo.

Mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza fahali kwa kanga na kumkimbia, ukisikia utafanyika kijijini wakati wa kaskazi, badilisha ratiba yote uende. Kaa nyuma ya mti mnene.

Machache ya kuzingatia

Karafuu usinunue kwa gunia wala kwa pishi kwa mtu wa njiani ukatoka nazo. Zao hilo hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuzitorosha ni kosa linalofikisha watu mahakamani. Pakiti ndogo ya dukani ya kutia kwenye pilau inakutosha. Majahazi ya mizigo yanayokwenda Tanga na Mombasa yatazame, yapige picha baada ya kuomba, usiyapande. Akina mama usiwapige picha bila ruhusa, hata kwa mbali, hata kama kanga zimepangana vizuri namna gani. Ukiumwa, Wete kuna hospitali; kubwa zaidi ya kusini, ya Abdalla Mzee, iko Mkoani.

Hatua ya tisa: kuondoka

Boti za asubuhi Mkoani haziwasubiri watu wa Wete. Mwenye gesti akutafutie gari tangu usiku, akupe namba ya dereva, na wewe umpigie kabla hujalala ili asikie sauti yako. Wengine hutangulia kulala Mkoani. Mimi sipendi, lakini sijawahi kuachwa na boti nikawa na haki ya kusema.

Siku moja kabla, nunua halua. Za Pemba zina sifa yake, na ukiwauliza Wapemba wenyewe wengi watakutajia ya Wete. Nenda kwa mpikaji, si dukani, ikiwezekana uikute bado jikoni: wanga, sukari, samli, iliki na zafarani ndani ya sufuria pana, na mwanamume mwenye mwiko mrefu kama kasia anayegeuza bila kusimama, jasho likimtoka, mpaka halua inaanza kuachana na sufuria na samli inajitenga pembeni. Onja ya moto. Kisha nunua iliyokwisha poa ya kubeba, umwambie ni ya safari ili akufungie mara mbili. Usiitie ndani ya begi la nguo: samli hupenya, na shati langu moja jeupe linalijua hilo. Iweke kwenye kikapu, kikapu kikae miguuni, na ukifika mkondo wa Nungwi kishike.